Kuunganisha kibodi isiyo na waya kwa kuandika amri

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa makarani wa wadi, wenye saiba na wanafunzi kutoka Homa Bay na Migori. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.

Nyinyi mliotoka Isebania na Kehancha mkapitia Rongo hadi kutufikia hapa Homa Bay, karibuni sana. Tunajua mliamka mapema.

Nitazungumza Kiswahili kwa sababu humu ukumbini kuna Mluo, kuna Mkuria, kuna Msuba wa Mfangano, na lugha inayotukutanisha ndiyo hii. Amri zenyewe tutaziandika kama zilivyo, kwa Kiingereza, maana kompyuta haikubali tafsiri ya amri. Jirani zetu wa Tanzania walijaribu kuisogeza kompyuta karibu na Kiswahili: mwaka wa 2004 mradi uliokuwa na makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu ambayo menyu zake zote zilikuwa za Kiswahili. Amri lakini zimebaki Kiingereza hadi leo. Si neno. Ni chache, na kila moja nitaieleza.

Kwa nini tunazungumzia kibodi siku ya kazi kama hii? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizo katika saiba zetu, katika vyuo vya ufundi na katika baadhi ya afisi, ni za umri ambao Windows 11 inazikataa. Mwenye kompyuta kama hiyo ana njia tatu: anunue nyingine, aendelee nayo hivyo hivyo akijua mlango uko wazi, au aiwekee Linux, ambayo ni ya bure na haibagui mashine nzee. Wengi wenu mmechagua njia ya tatu, nami nawaunga mkono.

Sasa, kwenye laptopu nzee, kitu cha kwanza kufa ni kibodi. Vumbi la kiangazi linaingia, chai inamwagika, herufi A inakataa, kisha kitufe cha nafasi kinafuata. Kubadilisha kibodi ya ndani kunahitaji fundi, na kipuri chenyewe hakipatikani kila mahali. Watu wananunua kibodi ya nje isiyo na waya, wanaiweka juu ya ile iliyokufa, kazi inaendelea. Hapo ndipo maswali yanapoanzia: inaungwaje, na je, ni salama?

Nianze na la usalama, kwa sababu ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza.

Fikiria mezani pa mwenye saiba pale Oyugis au Awendo. Mama anakuja na kitambulisho chake, anataka huduma ya eCitizen. Kijana anamsaidia kuchapa nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, neno la siri. Mwanafunzi anafuata na maombi ya mkopo wa HELB. Mfanyabiashara anafuata na PIN ya KRA. Kila kitufe kinachobonyezwa kwenye kibodi isiyo na waya kinasafiri hewani kwa mawimbi ya redio kabla ya kufika kwenye kompyuta. Je, kinasafiri kikiwa kimefichwa, au kinasafiri uchi?

Mwaka wa 2016 watafiti wa kampuni ya Marekani iitwayo Bastille walichunguza kibodi za bei nafuu, zile zinazokuja na kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Walikuta kibodi za watengenezaji wanane zikirusha kila herufi bila kuificha hata kidogo. Mtu aliye umbali wa mita 75 hivi, akiwa na redio isiyo ghali, angeweza kusoma kila kitu kinachochapwa. Mita sabini na tano ni kutoka kwenye duka lako hadi ng'ambo ya barabara na zaidi. Na ubaya wake ni kwamba kibodi hizo hazikuwa na namna ya kusasishwa. Tiba ilikuwa kuzitupa.

Kwa hiyo tofautisheni aina mbili. Ya kwanza ni hiyo yenye kidude chake. Ukikichomeka, inafanya kazi papo hapo, wala haihitaji amri yoyote. Ni rahisi, lakini usalama wake unategemea kabisa uaminifu wa aliyeitengeneza. Na ile isiyo na jina, iliyofungwa kwenye karatasi ya plastiki tu, mimi singeiweka kwenye meza ya kuhudumia watu. Aina ya pili ni ya Bluetooth. Hii inafuata kanuni zilizokubaliwa na kampuni nyingi, na kabla ya kuanza kazi inatambulishana na kompyuta na kukubaliana ufunguo wa siri wa kufichia herufi. Kutambulishana huko ndiko kuoanisha. Kukifanywa vizuri, anayesikiliza nje anasikia kelele tupu. Na kukifanywa kwa amri unaona kila hatua kwa macho yako, tofauti na kubonyeza picha kwenye kioo ukiomba Mungu.

Basi tuoanishe. Nachukulia kwamba kompyuta yako ina Linux ya Ubuntu, Debian, Mint au ile ya Raspberry Pi. Zote zinakubali amri hizi.

Kuna kichekesho kimoja hapa: ili uandike amri za kuunganisha kibodi, unahitaji kibodi. Azima ya waya kwa jirani, dakika kumi zinatosha. Ukirudi nyumbani nunua yako ya waya, hata iwe kuukuu, uiweke kwenye droo. Nitaeleza baadaye ni kwa nini.

Fungua dirisha la amri. Katika Ubuntu unabonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Kwanza tuulize kama huduma ya Bluetooth iko macho:

systemctl status bluetooth

Ukiona maneno active (running), iko macho. Bonyeza q utoke. Ukiona inactive, iamshe, na uiagize iwe inaamka yenyewe kila kompyuta inapowashwa:

sudo systemctl enable --now bluetooth

Neno sudo maana yake unatumia mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo utaulizwa neno la siri. Unapolichapa hutaona hata nyota. Usishtuke, linaingia. Kompyuta ikijibu kwamba haijui huduma hiyo, basi programu yenyewe haipo. Iweke kwa sudo apt install bluez, ukiwa na intaneti.

Pili, tuulize kama redio imefungwa:

rfkill list

Hapa soma kwa makini. Ukiona Soft blocked: yes, redio imefungwa na programu, na unaifungua kwa sudo rfkill unblock bluetooth. Ukiona Hard blocked: yes, hakuna amri itakayokusaidia. Imefungwa kwa swichi iliyo ubavuni mwa laptopu au kwa kitufe cha Fn. Nimeona vijana wakipambana saa nzima na amri, na swichi iko pale ubavuni inawatazama. Na kama orodha haitaji Bluetooth popote, yaelekea kompyuta yako haina redio hiyo. Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina. Unanunua kidude cha Bluetooth cha USB, unachomeka, unaanza upya.

Tatu ndiyo kazi yenyewe. Andika:

bluetoothctl

Alama ya mwanzo wa mstari itabadilika. Sasa hauzungumzi na kompyuta nzima, unazungumza na sehemu ya Bluetooth pekee. Andika hizi tatu, moja moja, ukibonyeza Enter baada ya kila moja:

power on
agent on
default-agent

Ya kwanza inawasha redio. Ya pili na ya tatu zinamweka wakala, yaani atakayesimama katikati na kukuonyesha nambari ya siri wakati wa kutambulishana. Ikijibiwa kwamba wakala amekwisha kuandikishwa, hilo si kosa. Matoleo mapya yanamweka yenyewe.

Sasa washa kibodi mpya na uibonyeze kile kitufe cha kuoanisha. Mara nyingi kina alama ya Bluetooth, na unakishikilia mpaka taa ianze kumwekamweka haraka. Kibodi nyingine hukumbuka kompyuta tatu, kwa vitufe vya 1, 2 na 3. Chagua mmoja ambao haujatumika. Kisha kwenye kompyuta:

scan on

Vifaa vilivyo karibu vitaanza kujitokeza, kimoja kwa mstari. Kila kimoja kina anwani ya jozi sita za tarakimu na herufi, zilizotenganishwa kwa nukta mbili, halafu jina. Kama uko sokoni utaona simu za watu, spika, saa, hata redio za matatu zilizoegeshwa nje. Tafuta jina la kibodi yako. Tuseme anwani yake ni 00:1F:20:AA:BB:CC, ambayo ni ya mfano tu. Simamisha utafutaji kwa scan off, kisha:

pair 00:1F:20:AA:BB:CC

Hauhitaji kuandika anwani yote. Andika tarakimu za mwanzo kisha bonyeza Tab, itajimalizia.

Simameni hapa kidogo. Kwenye kioo itatokea nambari ya tarakimu sita. Nambari hiyo unaichapa kwenye kibodi mpya, si ile ya kuazima, kisha unabonyeza Enter kwenye hiyo hiyo mpya. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu wanachapa kwenye ile ya waya. Wengine hawaoni kitu kikitokea kwenye kioo wanapochapa, wakadhani imeharibika. Chapa tu, maliza, bonyeza Enter, ngoja.

Nambari hiyo si mapambo. Ni njia ya kompyuta kuuliza: wewe unayedai kuwa kibodi ya afisi hii, je, uko mbele ya mtu anayeona kioo changu? Mtu aliye nje ya dirisha akitengeneza kifaa chenye jina lilelile, hawezi kuiona nambari, kwa hiyo hawezi kuichapa. Hiyo ndiyo sababu nawaomba msiisome kwa sauti mbele ya foleni ya watu, na kama nambari ikitokea kwenye kioo wakati hakuna mtu anayeunganisha chochote, msikubali. Kibodi nyingine za bei ya chini huungana bila kuomba nambari. Bado zinaficha herufi, lakini ile hatua ya kuhakikisha nani ni nani imerukwa. Kwa kuandika insha nyumbani sina neno. Kwa meza ya kuhudumia umma, chagua inayoomba nambari.

Ukishaona Pairing successful, andika mbili za mwisho:

trust 00:1F:20:AA:BB:CC
connect 00:1F:20:AA:BB:CC

Amri ya trust ndiyo inayosahauliwa. Bila hiyo kibodi inafanya kazi leo, kisha stima ikipotea na kurudi, nasi tunajua inavyopotea hasa mvua ikinyesha, unakuta kibodi imekuwa mgeni tena. Hakikisha kwa amri ya info ikifuatwa na anwani: utafute Paired: yes, Trusted: yes, Connected: yes. Zote tatu zikiwa yes, umemaliza. Kabla ya kutoka, funga mlango:

discoverable off
pairable off
quit

Hapo kompyuta haijitangazi tena kwa wapita njia wala haikubali kifaa kipya.

Na kuhusu hiyo kibodi ya waya ya kwenye droo. Kibodi ya Bluetooth huanza kufanya kazi baada ya Linux kuamka. Kabla ya hapo, kompyuta inapowaka tu na kukuuliza kama unataka kuingia kwenye mipangilio yake ya ndani, au kuandika neno la siri la kufungulia diski, mara nyingi haiisikii. Siku hiyo ya waya ndiyo itakuokoa.

Ikikataa katikati, usiongeze amri juu ya amri. Andika remove na anwani, zima kibodi, iwashe, uanze tena kwenye scan on. Tisa kwa kumi inatosha. Ikiungana lakini inarukaruka, herufi zinachelewa au zinajirudia, angalia betri kwanza. Betri za bei rahisi za kando ya barabara zinaisha kabla hujamaliza ripoti ya robo mwaka. Halafu angalia kidude cha Bluetooth kimechomekwa wapi. Kikiwa kando ya diski ya nje kwenye tundu la USB 3, yale matundu ambayo mara nyingi ni ya buluu, kelele ya umeme ya tundu hilo huvuruga redio, kwa kuwa inaangukia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Sogeza kidude upande mwingine, au tumia waya mfupi wa kurefushia USB.

Jambo jingine dogo lenye usumbufu mkubwa. Unachapa barua pepe kwenye fomu, unabonyeza @, inatokea alama ya kufungulia usemi. Fomu inakataa, mteja anakasirika. Kibodi si mbovu. Imepangwa kwa mtindo wa Uingereza na kompyuta inadhani ni wa Marekani, au kinyume chake, na mitindo hiyo miwili imebadilishana alama hizo. Andika:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Utachagua mtindo kwa mishale. Katika orodha utakuta pia mpangilio wa Kiswahili wa Kenya na wa Tanzania, wanaopenda wajaribu. Kwa Kiswahili chetu cha kawaida, na kwa Dholuo pia, mtindo wa Kiingereza unatosha, mradi alama ya ritifaa iko mahali pake, maana bila hiyo ng' itakusumbua katika majina ya watu, na jina la mtu lisipolingana na kitambulisho ni safari nyingine ya kurudi.

Mama mmoja mwenye saiba aliniuliza asubuhi pale nje: nikishaoanisha vizuri, nimemaliza habari ya usalama? Nilimwambia bado kidogo, na ninyi nawaambia hivyo hivyo. Desemba 2023 mtafiti Marc Newlin, huyo huyo aliyehusika na kazi ya Bastille, alitangaza hitilafu katika Bluetooth ya Linux, Android na vifaa vya Apple. Kifaa cha mtu mbaya kingeweza kujifanya kibodi na kuingia bila mwenye kompyuta kuulizwa chochote, kisha kikaanza kuchapa amri kana kwamba ni wewe. Linux ilirekebishwa, na marekebisho yanakuja kwa masasisho ya kawaida:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Kompyuta ambayo haijasasishwa tangu wakati huo, isasishwe leo kabla ya kuwekewa kibodi. Kwa simu, Android 11 na kuendelea zilipata marekebisho ya Desemba 2023, ikiwa mtengenezaji wa simu aliyatuma. Android 10 kurudi nyuma hazikupata. Mwenye simu kama hiyo azime Bluetooth wakati haitumii, hasa kama ndiyo simu ya M-Pesa ya biashara.

Nasisitiza hili kwa wenye saiba na kwa sisi wa afisi za umma kwa sababu nambari tunazochapa si zetu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka yeyote anayeshika taarifa za watu azilinde. Sheria haisemi neno kuhusu kibodi. Lakini mama wa Ndhiwa aliyekuamini na kitambulisho chake hatajua kama herufi zilivujia hewani au kwenye faili. Atajua tu kwamba kuna mkopo umechukuliwa kwa jina lake.

Na siku ukiiuza kompyuta, au kibodi ikihamishiwa afisi nyingine, ingia tena bluetoothctl, andika devices uone vilivyosajiliwa, na uondoe kwa remove kila usichokitambua.

Mezani hapa kuna kompyuta tatu zenye Linux na kibodi tatu ambazo bado hazijaoanishwa na chochote. Amri zote zimechapishwa kwenye karatasi, chukueni. Betri ziko kwenye bahasha. Tutaanza na waliotoka Muhuru Bay kwa sababu gari lao ni la mapema, halafu Kuria, halafu sisi wenyeji.